Mtoto bado hajaingia udaktari: barua ya wazi kwa wazazi wa Kiswahili Marekani

Kwa wazazi, walezi, wachungaji, maimamu na viongozi wa jumuiya za wazungumzaji wa Kiswahili, kuanzia Lexington na Louisville hadi Minneapolis, Dallas na Houston.

  

Nawaandikia juu ya vijana wenu walioko chuo kikuu na wanaotaka kuwa madaktari. Kazi yangu ni kushauri wanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo kimoja cha umma, jimbo la katikati ya nchi hii. Kwa kuwa jina langu mlangoni linajieleza, vijana wa Kitanzania, Kikenya, Kikongo na Kirundi huja ofisini kwangu hata kama mshauri wao ni mwingine. Wananipa shikamoo kwa lafudhi ya Kimarekani, wanakaa, kisha wanasema mambo ambayo nyumbani hawayasemi. Hawakunituma. Humu sitamtaja mtu, na ukidhani umemwona wako, huenda ni wa jirani.

Nianze na jambo ambalo karibu kila mzazi ninayekutana naye amelielewa kinyume. Mtoto wako hasomi udaktari. Yuko mwaka wa pili wa chuo, anasoma baiolojia au kemia, labda saikolojia, na anatarajia siku moja kuomba nafasi ya kwenda kusoma udaktari. Anaweza kuomba asipate. Anaweza pia kufika mwaka wa nne bila kuomba kabisa, na hilo ndilo linalowatokea wengi.

Kutoelewana huku kuna sababu. Tanzania, kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa sayansi wa PCB akachaguliwa Chuo Kikuu cha Muhimbili, siku hiyo ameingia udaktari: miaka mitano ya masomo, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, na mtaa unamwita dokta tangu wiki ya kwanza bila kukosea sana. Kenya ni miaka sita. Kongo na Burundi nako mtu hutoka sekondari akaingia kitivo cha tiba moja kwa moja. Marekani wana njia yao. Johns Hopkins ilipofungua shule yake ya udaktari mwaka 1893 ilidai mwanafunzi awe na shahada kwanza. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye wala hakuwa daktari, alichapisha ripoti juu ya shule 155 za Marekani na Kanada, na Hopkins ndiyo aliyoifanya kipimo cha zote. Nyingi zilifungwa baada ya hapo. Kati ya saba zilizokuwa zikifundisha madaktari weusi zikabaki mbili tu, Howard na Meharry, na upungufu uliotokana na hilo bado unaonekana hospitalini mnakotibiwa. Utaratibu uliojengeka ndio huu wa leo: miaka minne ya shahada ya kwanza, miaka minne ya shule ya udaktari, kisha mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu hadi saba.

Kwa hiyo ile "primedi" mnayoisikia si shahada wala kitivo. Ni nia tu. Hakuna anayempokea mtoto kwenye primedi wala anayemfukuza. Ni mwanafunzi aliyeamua kuchukua masomo ambayo shule nyingi za udaktari huyataka, yaani baiolojia, kemia ya kawaida, kemia ya oganiki na fizikia, pamoja na maabara zake, halafu baiokemia, takwimu na Kiingereza. Shahada yenyewe yaweza kuwa ya historia. Kila mwaka watu zaidi ya 50,000 huomba kwenye shule zinazotoa shahada ya udaktari ya MD, na wanaoingia ni kama 23,000. Zaidi ya nusu wanakosa, na hao ni wale waliokwisha kuivuka kemia wakafika mahali pa kuomba.

Sasa mtazameni kijana wa miaka 18 anayesimamishwa mbele ya kanisa Jumapili, mchungaji anasema Mungu ametupa daktari, watu wanapiga vigelegele, picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na shangazi aliyeko Kigoma anaanza kumuuliza habari za dawa ya presha. Upendo ule siupingi. Tatizo linakuja mwaka wa pili, kemia ya oganiki inapompa C ya kwanza maishani mwake. Mwenzake Mmarekani ambaye hakuna aliyemtangaza atampigia mama yake simu, atalia, atabadili mpango, pengine atahamia uhandisi akaishi vizuri tu. Wa kwetu hana pa kwenda. Ataendelea muhula wa pili, na wa tatu, kwa ajili ya wale waliopiga vigelegele. Nimeshuhudia wastani mzuri ukiporomoka namna hiyo, mtoto anaogopa kusimama kuliko anavyoogopa kuanguka.

Huku alama hazifutiki. Maombi ya shule nyingi za MD hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS, na mfumo huo hukokotoa wastani upya kwa kuhesabu kila somo la ngazi ya chuo ambalo mtu amewahi kusoma Marekani. Somo likirudiwa, alama zote mbili zinaingia, hata kama chuo chake kimeifuta ile ya kwanza kwenye hesabu zake. Darasa la chuo alilolichukua akiwa bado sekondari, lile mlilofurahia kwa kuwa lilikuwa la bure, linaingia. Komyuniti koleji inaingia. Kwa mtoto aliyelemewa, kujiondoa kwenye somo kabla ya tarehe ya mwisho huacha herufi W ambayo haigusi wastani. F inaugusa, na itabaki pale hadi atakapokuwa na mvi. Baba anayesema "tumeshalipia, maliza tu" anaokoa ada ya muhula mmoja. Ningependa baba huyo amuulize mtoto tarehe ya mwisho ya kujiondoa ni lini, kisha amwachie uamuzi.

Lakini alama ni sehemu moja tu, na hapa ndipo nyumba zetu zinapoingia moja kwa moja. Shule ya udaktari hutaka kuona kwamba mwombaji amekaa na wagonjwa, amehudumia watu bila malipo, amewafuata madaktari kazini akaona siku yao ilivyo, na kwamba kuna walimu watakaoandika barua kwa kumjua. Yote hayo ni saa, na saa za watoto wetu zina wenyewe wengi.

Mabinti hasa. Naomba niseme hili bila kuzunguka. Binti anayekaa nyumbani ili kuokoa kodi ya bweni anaamka, anawapeleka wadogo zake shule, anakwenda darasani, anarudi kupika, na Jumamosi kuna wageni. Kaka yake amefunga mlango wa chumba, "anasoma, msimsumbue". Wote wawili mnawataja kama madaktari watarajiwa. Nimeona hili kwa Wakristo na kwa Waislamu, kwa watu wa Dar es Salaam na kwa watu wa Bukavu, wala halina kabila. Binti hatalilalamikia, maana amelelewa vizuri. Atalala saa nne za usiku na kuamka saa nane kusoma fizikia, na mwisho wa muhula mtamuuliza kwa nini kaka yake amemzidi.

Halafu kuna kutafsiri. Simu inaingia katikati ya maabara: mama ana miadi kliniki, njoo utusaidie na Kiingereza. Kijana anaondoka. Wazazi wangu, sheria ya nchi hii iko upande wenu hapa na wengi hamuitumii. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu, nazo ni karibu zote mnazokwenda, zinatakiwa kuwapa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na ile ya bima ya afya ya mwaka 2010 ikaongeza nguvu. Haziruhusiwi kumtegemea mtoto mdogo kuwa mkalimani, isipokuwa kwenye dharura. Unapoweka miadi sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na kama Kiswahili chako ni cha Uvira au Lubumbashi litaje hilo, maana mkalimani wa Mombasa anaweza kukuacha njiani nawe ukamwacha njiani. Faida yake si muda wa kijana peke yake. Mama anayetafsiriwa na mwanawe wa kiume mambo ya kizazi chake huficha nusu ya habari, na daktari anatibu ile nusu aliyoisikia.

Nisieleweke kwamba nyumba ni kikwazo. Kwenye fomu ya AMCAS kuna nafasi 15 za kueleza kazi na shughuli za mwombaji, na vijana wetu wanazijaza kwa uanachama wa vilabu ambavyo hata vikao vyake hawahudhurii, huku wakiacha nje yale yaliyowalea: miaka ya kumtafsiria bibi, kumhudumia babu aliyepooza, kufanya kazi usiku ili kodi ya nyumba itimie. Wanaona aibu. Wanadhani ni mambo ya kimaskini. Ukiniuliza mimi ninayesoma rasimu zao, hayo ndiyo maneno pekee katika fomu nzima yenye damu ndani yake. Na tangu Juni 2023, Mahakama Kuu ya Marekani ilipozuia vyuo kutumia rangi ya mtu kama kigezo cha kumpokea, mwombaji bado anaruhusiwa kusimulia jinsi maisha yake yalivyomuunda. Kwa hiyo kijana akikuuliza mlikaa miaka mingapi kambini Nyarugusu, mlifikaje, nani aliugua njiani, usimwambie aachane na habari za zamani. Anaandika insha ya kuombea udaktari, na herufi anazopewa, nafasi zikiwemo, hazizidi 5,300.

Hapo naingia kwenye jambo linaloniuma kuliko mengine. Akina mama wengi wa jumuiya zetu, na akina baba si haba, wanafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi, hii inayojulikana kwa herufi zake CNA. Mnawaosha wazee, mnawageuza kitandani wasipate vidonda, mnawalisha, mnakaa nao wanapokata roho watoto wao wakiwa majimbo mengine. Mtoto anakuja nyumbani na kusema anataka kuchukua kozi hiyo, na mama anamkatalia kwa ukali: sikukuleta Marekani uje kuosha wazungu kama mimi. Nawaelewa. Mgongo unauma, mishahara midogo, na baadhi ya wale wazee wana midomo. Lakini mbele ya kamati ya udahili, kazi ile ni katika uzoefu bora ambao mwanafunzi anaweza kuupata. Mafunzo yake kisheria huanzia saa 75, yaani anaweza kuyamaliza likizo moja, halafu analipwa badala ya kulipa. Mwenzake tajiri analipiwa safari ya wiki mbili kwenda kupiga picha na watoto wa Kiafrika katika zahanati, na kamati zimeanza kuzichoka picha hizo. Kijana aliyemshika mkono mgonjwa wa kusahau saa tisa usiku, akamrudisha kitandani mara ya nne bila kumfokea, akiulizwa kwenye usaili kwa nini anataka kuwa daktari hatahitaji kutunga. Na kuna kitu kingine, nakisema polepole: akifanya kazi hiyo kwa miezi sita atajua ninyi mmekuwa mkifanya nini miaka yote hii. Mruhusuni.

Kuhusu barua za walimu, hapa malezi yetu yanapambana na desturi ya huku. Tumewafundisha watoto kwamba mkubwa hasumbuliwi. Profesa wa Marekani anatenga saa maalumu kila wiki za kukaa ofisini akisubiri wanafunzi, na mara nyingi anakaa peke yake. Wa kwetu hawaendi, wanaona ni utovu wa adabu kumwendea mtu mzima bila kuitwa, wengine wanaona kwamba kuuliza ni kukiri ujinga. Miaka mitatu baadaye wanahitaji barua mbili za walimu wa sayansi, na walimu hao hawawajui kwa sura. Waambieni wenyewe, kwa mdomo wenu, kwamba kwenda ofisini kwa profesa ni heshima. Nikiwaambia mimi wanaitikia kwa kichwa na hawaendi. Neno la mzazi lina uzito ambao langu halina.

Kisha kuna mtihani wa kuombea udaktari. Unaitwa MCAT, na umbo lake la sasa limekuwepo tangu mwaka 2015. Ni sehemu nne, maswali 230, saa sita na robo za kujibu, saa saba na nusu ukiweka mapumziko. Alama zinaanzia 472 hadi 528, katikati ni 500, na wanaoingia shule za MD kwa wastani wana kama 511 au 512. Sehemu tatu ni sayansi, zikiwemo saikolojia na sosholojia. Ya nne haina sayansi hata chembe: ni vifungu vya kusoma, falsafa, sanaa, historia, siasa, maswali 53 kwa dakika 90, na hakuna cha kukariri. Hiyo ndiyo inayowaangusha vijana wetu waliojifunza Kiingereza ukubwani, na dawa yake ni kusoma vitu virefu kwa miaka, si kwa wiki. Ukimkuta mtoto kwenye kochi na riwaya, usimwambie aache hadithi akashike kitabu.

Maandalizi ya mtihani huu huchukua miezi, mara nyingi mitatu hadi sita ya kusoma karibu kila siku, na wengi huutengea likizo ya kiangazi. Hiyo ndiyo likizo ya harusi za Nairobi na misiba ya Bujumbura. Sina maneno ya kumwambia mtu asiende kuzika. Ila harusi ya binamu wa tatu, kwa kweli, akitumiwa zawadi ataelewa. Wala msimwambie akajaribu tu, Mungu atatenda. Mtihani una ukomo: mara tatu kwa mwaka mmoja, nne kwa miaka miwili, saba kwa maisha yote, na kila alama anayopata shule inaiona. Swala na maombi yaje pamoja na chumba chenye mlango unaofungwa. Wachungaji na maimamu, majengo yenu yako wazi na tupu Jumanne hadi Alhamisi. Meza sita, taa nzuri na intaneti zingewafaa vijana hawa kuliko kutajwa kwenye matangazo.

Kisha mtoto anamaliza chuo, anavaa joho, mnapika pilau, na Agosti yuko bado nyumbani. Hapo maneno huanza. "Mbona wa fulani hajaenda?" Kuomba kwenyewe huchukua mwaka mzima: fomu hufunguliwa Mei, hutumwa mwishoni mwa Mei au Juni, insha za ziada za kila shule huandikwa kiangazi, usaili huanza vuli na kuendelea hadi baada ya mwaka mpya, na masomo huanza kiangazi cha mwaka unaofuata. Shule nyingi huanza kugawa nafasi kadiri maombi yanavyofika, kwa hiyo anayetuma Oktoba anagombea makombo. Mwanafunzi asiyekuwa tayari mwaka wa tatu anafanya vyema kungoja, afanye kazi hospitalini au maabara, aombe akiwa amekamilika. Wengi wa wanaoingia sasa wamepitisha mwaka mmoja au zaidi namna hiyo, na wastani wa umri wa kuanza ni kama miaka 24. Huyo aliyeko nyumbani Agosti hajashindwa. Wajulisheni na mashangazi.

Mengine nayapitia haraka. Shahada ya DO, inayotolewa na shule za osteopathia, ni udaktari kamili kwa leseni, kwa upasuaji na kwa ubingwa. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani wako huko, na mzazi anayemwambia mwanawe kwamba hiyo si ya madaktari wa kweli anamnyima mlango kwa sababu ya herufi. Kwa aliye na viza ya mwanafunzi bila makazi ya kudumu, shule nyingi hazimpokei kabisa, kwa hiyo orodha yake ya shule itengenezwe mapema na mtu anayejua. Na uuguzi, ufamasia, tiba ya viungo: kuna vijana wanaovipenda kwa dhati na wanajificha nyuma ya primedi kwa sababu yenu. Waulizeni, na jibu wakilitoa msikunje uso.

Sasa fedha, maana najua wengi mmesubiri hapa. Daktari anayehitimu na deni huku kwa kawaida anadaiwa kama dola 200,000. Kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026 wamewekewa ukomo wa mkopo wa serikali kuu kwa masomo ya udaktari: dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla, na ule mkopo mwingine uliokuwa ukiziba pengo umeondolewa. Shule nyingi gharama zake zinapita hapo. Kwa hiyo mahali anapoomba mtoto panahesabika kuliko zamani. Shule ya umma ya jimbo lenu kwa kawaida huwapendelea wakazi na kuwatoza kidogo. Zipo pia chache zilizofuta ada ya masomo: Grossman ya Chuo Kikuu cha New York tangu 2018, Albert Einstein iliyoko Bronx tangu 2024 baada ya Ruth Gottesman kutoa dola bilioni moja, na Johns Hopkins, ile ile ya 1893, kwa familia zinazopata chini ya dola 300,000 kwa mwaka. Kuingia huko ni kugumu sana, lakini asiyeomba hapewi.

Na hata kabla ya shule, kuomba tu kunagharimu. Mtihani ni zaidi ya dola 300. Kutuma maombi shule 20 kunapita dola 1,000, na kila shule hudai ada yake ya pili pamoja na insha zake. Jumuiya ya vyuo vya udaktari, AAMC, ina mpango wa kuwasaidia wasiojiweza: unapunguza ada ya mtihani kwa zaidi ya nusu, unatoa vitabu na mitihani yake ya mazoezi bure, unafuta ada ya maombi ya shule hadi 20, na shule nyingi nazo husamehe ada yao ya pili kwa aliyekubaliwa. Wenye uraia, wenye makazi ya kudumu, na waliopewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi wanaruhusiwa kuomba. Kiwango cha mapato kiko juu kuliko watu wanavyodhani, mara nne ya mstari wa umaskini wa serikali kuu, ambacho kwa familia ya watu watano ni zaidi ya dola 140,000 kwa mwaka. Karibu kila familia ninayoijua katika jumuiya zetu imo.

Wanaokosa msaada huo hukwamia nyumbani, mahali pamoja. Kwa kijana wa umri wa chuo, AAMC wanataka taarifa za mapato ya wazazi, hata kama hakai nao tena. Baba anasema mambo ya mshahara wangu hayamhusu mtoto. Mama anaogopa karatasi yoyote yenye jina la serikali, na aliyepitia kambi au ofisi za uhamiaji simlaumu kwa hofu hiyo. Baba mwingine ana nyumba mbili na hataki ijulikane. Kijana anazunguka zunguka, anaona haya kuomba mara ya tatu, analipa ada yote kwa kadi ya mkopo, au anapunguza shule kutoka 20 hadi tano na nafasi yake inapungua vivyo hivyo. Taarifa hizo hutumika kwa maombi hayo ya msaada. Haziendi kwa uhamiaji, wala hazimfikii mke wa pili.

Mkimaliza kujaza fomu za kodi za mwaka huu, mpeni nakala siku hiyo hiyo, asingoje hadi awaombe. Na aombe msaada huo kabla ya kujiandikisha kwa mtihani, kwa sababu pesa iliyokwisha kulipwa hairudishwi.

Wasalaam,
Mshauri wa wanafunzi, mwenzenu wa ughaibuni